Kiungo Kidogo Kooni



Katika safari moja baina ya Korogwe na Handeni nilikutana na mzee mwadhini ambaye sauti yake ilikuwa imekauka kwa miezi kadhaa. Wapo waliomwambia amerogwa. Wengine, na hao ndio walionihuzunisha zaidi, walinong'ona kwamba Mungu amemnyang'anya sauti kwa kuwa ameiacha njia ya wazee wake. Magoti na vidole vyake vilikuwa vimevimba tangu zamani, lakini hakuna aliyeyahusisha mambo haya mawili.

Basi tuangalie. Ndani ya kikoromeo mna gegedu lenye umbo la pete ya muhuri, upande wake mpana ukiwa nyuma. Juu ya upande huo yamekaa magegedu mawili madogo kama piramidi, na pale kila moja linapokutana na pete pana kiungo. Kiungo hicho, pamoja na udogo wake, kina mfuko wake na ute wake wa kulainisha, kama goti. Kinapojongea, nyuzi za sauti hukaribiana au huachana. Zikikaribiana, pumzi huzitikisa, kwa mwanamume kiasi cha mara 100 na zaidi katika sekunde moja. Zikiachana, twavuta pumzi.

Wanazuoni wa usomaji wa Kurani Tukufu waliweka herufi za hamza na ha mwisho kabisa wa koo. Hamza hufungwa hapo. Ha huachwa wazi. Jaribu, ndugu yangu, kulitamka peke yake jina Allah: laanza kwa kufungwa na kuishia kwa pumzi.

Na kwa kuwa ni kiungo kama goti, baridi yabisi huweza kukipata vilevile. Daktari alimwambia mzee yule hivyo hivyo. Sauti ikikauka kupita wiki tatu, nenda hospitali. Na pumzi ikianza kukoroma unapoivuta, usingoje hata asubuhi.

Mzee aliniuliza kama sala yake yapokelewa. Nilimkumbusha kwamba hata wenye sauti nzuri husoma kimya adhuhuri na alasiri, na kwamba Nabii Zakaria, kama isimuliavyo Sura Maryamu, alizuiwa kusema na watu masiku matatu; nayo ilikuwa ishara ya habari njema, wala si adhabu.

Sasa kijana mmoja ndiye anayeadhini. Mzee hukaa safu ya mbele, na kijana akiimeza ile ha ya mwisho, humgusa bega.