Krismasi ya Butali Huanza Juni

Kila Desemba mabasi ya usiku kutoka Nairobi huingia barabara ya Kakamega–Webuye alfajiri, buti zimejaa katoni zilizofungwa kwa kamba. Ndani ya katoni mna unga wa ngano, mafuta ya kupikia, majani chai, mchele na sukari. Sukari! Mtu ameinunua kwenye duka kubwa la jijini, akasafiri nayo usiku kucha, na sasa anashuka nayo Butali, mbele ya kiwanda cha sukari, matrekta ya miwa yakiwa yamepanga foleni langoni. Mama anaipokea kwa vigelegele, na vigelegele hivyo ni haki ya mwanawe. Lakini faida ya katoni ile imebaki Nairobi. Mwenye duka wa hapa sokoni, aliyekuwa na bidhaa zilezile kwenye rafu zake, hakupata hata shilingi.

Vijana wa Butali, biashara ile ni yenu, na inawapita mlangoni kila mwaka. Kinachotakiwa ili ibaki hapa ni ukurasa mmoja mtandaoni, mwongozo wa zawadi za sikukuu unaomwambia mtoto aliye mbali: mama yako anaweza kupata hiki, kinauzwa kwa bei hii, na kitafika nyumbani kwake siku hii. Ukurasa huo uandikwe vizuri mara moja, kisha utunzwe mwaka baada ya mwaka. Nasisitiza kutunzwa. Kuandika wengi huweza, na ndiyo maana mtandao umejaa miongozo ya Krismasi iliyoachwa na wenyewe, bei za miaka iliyopita bado zinaning'inia, nambari za simu hazipatikani tena.

Mtazame kwanza mnunuzi wako. Yuko Nairobi, Mombasa, Doha, Riyadh, Minneapolis. Pesa anazo kwenye simu. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007 amezoea kutuma nyumbani, na Wakenya walio ng'ambo peke yao walituma zaidi ya dola bilioni 4.9 mwaka 2024, kwa hesabu za Benki Kuu ya Kenya. Kwa hiyo anajua kutuma. Kinachomshinda ni kuchagua. Akituma shilingi elfu tatu taslimu, zinaingia kwenye karo, dawa na deni la dukani. Ni sawa, pesa zina kazi zake. Lakini moyoni alitaka mama avae sweta jipya kanisani siku ya Krismasi, na kukhu, nyanya yake, apate blanketi zito la kumkinga na baridi ya asubuhi ya huku Kabras. Hakuna aliyemwonyesha sweta lile liko wapi, wala nani atalifikisha. Nenda ukawe mtu huyo!

Na usiniambie Butali haina cha kuweka kwenye ukurasa. Shuka sokoni na daftari. Mafundi cherehani wanashona magauni ya vitenge na sare. Kina mama wana mashine za kufuma masweta, na masweta hayo huuzwa zaidi Januari shule zinapofunguliwa, ilhali Desemba mashine zinapumzika. Kuna kuku wa kienyeji, na katika nchi ya Waluhya sikukuu bila kuku ni siku ya kawaida tu. Kuna njugu mawe, simsim, unga wa wimbi, sukari nguru iliyopikwa kwenye vinu vidogo vya vijijini. Kuna leso zenye maandishi, na kumchagulia mama mkwe leso ni kazi ya akili, kwa hiyo mwongozo unaosaidia kuchagua maneno yasiyomchoma mtu utapendwa kuliko picha kumi.

Panua mkono kidogo. Wafinyanzi wa Ilesi, kwenye barabara ya Kakamega kwenda Kisumu, wanauza vyungu na vyombo vya maua kando ya lami. Msitu wa Kakamega una asali na mizizi ya mukombero. Pembeni ya msitu huohuo, wakulima wa kikundi cha Muliru walipanda kichaka kiitwacho kitaalamu Ocimum kilimandscharicum, wakakamua mafuta yake, na kwa ushirikiano na wanasayansi wa kituo cha utafiti cha icipe wakatengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Mwaka 2010 walipata Tuzo ya Equator, inayoratibiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Hao ni wakulima wa kaunti hii hii, wenye majembe kama ya baba zenu. Walichukua jani la porini, wakalipa jina, chupa na mahali pa kuuzia, dunia ikageuka kutazama.

Butali nayo ina jina tayari. Timu ya mpira wa magongo ya Butali Sugar Warriors imelifikisha viwanja vya Nairobi na kutwaa ubingwa wa Kenya. Majirani zenu wa Kabras Sugar wamelibeba jina la Kabras kwenye raga hadi Kombe la Kenya. Kuna vijiji vingi ambavyo vingelipa kupata jina linalotambulika hivyo. Ninyi mmepewa bure.

Sasa tuje kwenye utunzaji. Hapa ndipo watu wanapochoka, na hapa ndipo wewe utakapowashinda.

Mkulima wa Kabras akikata miwa hang'oi mashina. Miwa ile ilimchukua mwaka mmoja na nusu, pengine zaidi, na mizizi imeshashika. Ratuni, yaani miwa ya mashina yaleyale, itachipuka palepale bila kulima upya wala kununua mbegu. Kazi yake ni kukusanya majani makavu, kuziba mapengo, kutia mbolea na kupalilia. Ukurasa wa zawadi utunze hivyohivyo. Anwani yake usiibadilishe kamwe. Usiweke mwaka ndani ya anwani. Iishie kwa maneno kama zawadi-krismasi-butali, basi. Mwaka uweke kwenye kichwa cha habari, ambako unaweza kuubadilisha kila msimu bila kuvunja kitu. Ukifungua anwani mpya kila Desemba, umeng'oa mashina: kiungo alichotumiwa shangazi kwenye WhatsApp mwaka jana kimekufa, tovuti zilizokutaja zinaelekeza watu kwenye ukuta, na Google, ambayo ilikuwa imeanza kuujua ukurasa wako, inalazimika kukujua upya. Ukibaki na anwani ileile, kila mwaka unaanzia pale ulipofikia.

Januari usiufute. Ondoa bei zilizopitwa, andika sentensi mbili juu: oda za mwaka huu zimefungwa, za mwaka ujao zitafunguliwa mwezi fulani, acha nambari yako tukukumbushe. Kisha ukae na hesabu zako wakati kumbukumbu bado ni mbichi. Kipi kiliisha kabla ya tarehe ishirini? Kipi hakikuulizwa hata na mtu mmoja? Google wana chombo cha bure kiitwacho Search Console, kinachokuonyesha maneno ambayo watu waliandika kabla ya kuufikia ukurasa wako. Kisome. Ukiona watu wanaandika "zawadi ya baba mzee" na ukurasa wako una vitu vya kina mama pekee, umeshapata kazi ya mwaka ujao, tena umeipata kutoka kwa wanunuzi wenyewe.

Juni ndipo uanze. Ndiyo, Juni, mvua za masika zikipungua na watu wakiwaza kuvuna mahindi. Mitambo ya kutafuta haiupandishi ukurasa kwa siku moja, na fundi wa masweta hawezi kufuma arobaini kwa wiki ya mwisho. Mwezi wa sita tembelea wauzaji, mwezi wa saba fungua kila kiungo na upige kila simu iliyoandikwa kuhakikisha inapokelewa, mwezi wa nane piga picha. Oktoba ukurasa uwe tayari, kwa sababu mtu wa Doha anapanga likizo na matumizi yake mapema, na wengine huanza kuulizana habari za Krismasi mara tu Siku ya Mashujaa inapopita. Ukisubiri hadi Jamhuri, tarehe 12 Desemba, umechelewa.

Picha zichukuliwe asubuhi, karibu na mlango, kwenye kitambaa cha rangi moja. Zipunguzwe uzito kabla ya kupandishwa, maana wanunuzi wengi wanatumia bando za kununua kwa siku, na ukurasa unaokawia kufunguka unawalia pesa kabla hawajaona hata kuku mmoja. Vitu vipangwe kama watu wanavyofikiri. Hakuna anayeamka akiwaza "bidhaa za nguo". Anawaza kukhu. Anawaza mjomba aliyemlipia karo. Anawaza pia mfuko wake, kwa hiyo weka fungu la chini ya shilingi 500, fungu la hadi 2,000, na fungu la aliyebarikiwa mwaka huo. Fungu la kwanza lisiwe na vitu vya aibu. Msichana anayeosha vyombo jijini ana haki ya kumtumia mama yake kitu kizuri.

Kanuni moja naishikilia kwa nguvu zote: usiorodheshe kitu ambacho hujakishika kwa mkono wako. Miongozo mingi ya zawadi duniani huandikwa na watu waliokopi orodha ya duka kubwa ili wapate kamisheni, na msomaji huhisi. Wewe uko Butali. Unaweza kulivuta lile sweta uone kama uzi unaachia. Unaweza kuonja sukari nguru. Andika ulichokiona, pamoja na kasoro: rangi hii hufifia kidogo ikifuliwa mara ya kwanza. Sentensi kama hiyo itakuuzia zaidi ya sifa ishirini. Na tarehe ya "ilisasishwa" iwe ya kweli. Kubadilisha tarehe bila kugusa bei ni uongo, na watu wa nyumbani hawasahau uongo.

Wamarekani walijua nguvu ya jambo hili zamani. Kampuni ya Sears ilitoa katalogi yake ya Krismasi mwaka 1933, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, na familia za mashambani zilizoishi mbali na maduka zikachagua zawadi mezani kwao na kuletewa kwa posta. Sears walilazimika kuchapisha kitabu kipya kila mwaka, karatasi, wino na gharama za kusambaza. Ninyi mnahitaji simu, bando na nidhamu. Waliosoma kompyuta katika chuo cha ufundi cha Shamberere, hapa hapa Malava, wana ujuzi wa kutosha kuanza leo, na waliopitia mafunzo ya Ajira Digital, mpango wa serikali ulioanza mwaka 2016, vilevile.

Tena Krismasi ni mlango tu. Siku ya Mama huangukia Jumapili ya pili ya Mei. Januari kuna mtoto anayeingia bweni, na mjomba wake wa Mombasa angefurahi kulipia sanduku, godoro na ndoo kwa mkupuo mmoja. Idi husogea mapema kwa siku 11 hivi kila mwaka, na Mumias kuna Waislamu wa vizazi vingi, kwa hiyo ukurasa wa Idi unataka mtu anayefuata kalenda ya mwezi. Na kuna msimu ambao hakuna duka la Nairobi litakaloukumbuka: Agosti ya miaka inayogawika kwa mbili, jirani zetu Wabukusu wanapotahiri vijana wao. Kijana anazunguka na njuga akialika jamaa, na jamaa huleta kuku, pesa, hata ng'ombe. Mjomba aliye ng'ambo hawezi kuja na ng'ombe kwenye ndege. Nani atampangia? Ukurasa huo utapumzika mwaka mzima na kuamka mwaka unaofuata, na atakayeuandika kwa heshima, akiwauliza wazee kwanza, atakuwa ameshika jambo ambalo hakuna mgeni anayeweza kumnyang'anya.

Kabla ya oda ya kwanza, malizana na mwendesha bodaboda. Mchague mwaminifu, mkubaliane nauli ya kila kijiji, Chegulo, Lukume, Shivanga, na nauli hiyo iandikwe kwenye ukurasa. Andika siku ya mwisho ya kuagiza na usiikiuke kwa ajili ya mtu yeyote, hata binamu. Majina na nambari za wanaopelekewa zawadi zikae kwenye daftari lako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za watu zilindwe, na hata isingetaka, bibi anayeishi peke yake hapaswi kutangazwa kwamba leo analetewa mzigo. Picha yake akipokea zawadi itumwe kwa mwanawe tu. Ikiwekwa ukurasani, iwe kwa ruhusa yake mwenyewe bibi.

Kwa hiyo usingoje mtaji. Vitu sita vinatosha kwa mwaka wa kwanza: sweta, leso, blanketi, kuku wawili, unga wa wimbi na simsim, na hampa ya duka la hapa ikiwa na sukari iliyosagwa Butali. Kesho asubuhi mwamkie mama wa masweta kabla hajaanza kazi, mwambie unachokusudia, muulize anaweza kufuma mangapi kufikia Novemba na kwa bei gani. Andika jibu lake. Kisha vuka barabara uende kwa mwenye duka.