Marehemu Haoni

Katika hoja zote zinazotolewa kuhusu wafu, ipo moja inayonikera kupita kiasi, na majuzi imetolewa tena. Safari hii alilengwa mtu aliyeamua kumkumbuka rafiki yake kwa kwenda kutazama ndege kuukuu katika makumbusho ya Duxford, Uingereza, kwa sababu marehemu alikuwa mpenzi wa ndege. Hukumu ilipita chapuchapu: hiyo ni starehe iliyovishwa kanzu ya msiba, maana marehemu haoni wala hasikii, na kiingilio kilicholipwa mlangoni hakimfikii. Kumbukumbu ni nini, urafiki ni nini, hayo tuyachukue kama yanavyofahamika. Ninalouliza ni kama kutoona kwa marehemu kunathibitisha lolote.

Hoja hiyo inadai kwamba jambo haliwezi kufanywa kwa ajili ya mtu mpaka habari zake zimfikie. Haya, tukipime kipimo hicho kwa wote. Anayetekeleza wasia, anayelipa deni la marehemu, anayemtetea marehemu asisingiziwe, wote hao wanamfanyia asiyeona, na hakuna anayewaambia kwamba wanajifurahisha. Hata kati ya walio hai, aliyesengenywa asijue amedhulumiwa vilevile. Mpinzani akibanwa hapa hukimbilia kwingine: wasia na deni ni wajibu, ndege ni burudani. Sasa amejifichua. Upofu wa marehemu haukumsumbua tangu mwanzo. Kinachomsumbua ni furaha ya aliye hai. Anataka maombolezo yaume ndipo ayaamini. Lakini aliyekwenda makaburini akarudi moyo umetulia haambiwi kwamba amekwenda kustarehe. Na ikiwa urafiki wenyewe ulikolezwa na furaha ya kuzitazama ndege, kwa nini kuukumbuka kuwe lazima kwa uchungu?

Tutazame kinachotokea mbele ya ndege yenyewe. Spitfire ya kwanza, ndege ya kivita ya Uingereza, iliruka Machi 1936, na wahandisi walitaka kujua ni wapi wangeweza kutumia riveti zenye vichwa vya mviringo, zilizokuwa rahisi kufunga, badala ya zile zinazolala sawa na bati. Wakabandika kwa gundi njegere kavu zilizopasuliwa juu ya vichwa vya riveti, wakairusha, kisha wakawa wanazibandua sehemu moja baada ya nyingine huku wakipima. Zikiwa zimebandikwa zote, mwendo ulipungua kwa takriban kilomita 35 kwa saa. Asiyewahi kusimuliwa hayo hulipita bawa la Spitfire akitafuta kitu kikubwa zaidi. Aliyesimuliwa na rafiki huinama, akalitazama bati kutoka ubavuni ili mwanga uonyeshe riveti zilipolala. Macho ni yake, lakini kuinama kule alifundishwa. Basi rafiki ameacha namna ya kutazama, na namna hiyo haina kazi ila mbele ya kitu chenyewe. Picha iliyotundikwa sebuleni haitoshi. R. J. Mitchell, aliyeongoza usanifu wa ndege hiyo, alifariki Juni 1937 kabla haijaanza kutumika jeshini. Naye hakuiona ikitumika. Hakuna aliyesema kwa hiyo kuistaajabia kazi yake ni kujidanganya.

Wapo wanaosema ndege hizi ni vyombo vya kuulia watu na haifai kuzitazama kwa mapenzi. Wana haki, na hoja yao ni nzito kuliko ile ninayoijibu.

Nikiwa bado Duxford, kuna vioo nje ya jumba la ndege za Kimarekani ambavyo nashindwa kuvipita. Ni 52, vimechongwa maumbo ya ndege 7,031, kila umbo likiwa ndege ya Kimarekani iliyotoka Uingereza vitani isirudi. Majina hayamo. Umbo moja laweza kuwa rubani peke yake, na jingine, la ndege ya mabomu ya B-17, watu kumi. Baadhi ya majina yako makaburini Madingley, karibu na Cambridge, ambako ukuta una majina ya watu 5,127 waliotoweka. Aliyebuni vioo alihesabu mashine, aliyejenga ukuta alihesabu watu, na hakuna kati yao ninayeweza kumwambia amekosea. Ila vioo vinanitia mashaka kuhusu hoja yangu mwenyewe. Ndege inaweza kummeza mtu. Habari ya njegere inajulikana na wapenzi wengi wa Spitfire. Anayeinama penye bawa lile huenda alifundishwa na yeyote kati yao, na miaka ikipita hata yeye atachanganya nani alimwambia nini. Siku hiyo ataendelea kuinama vilevile, kwa ustadi uleule. Kama bado atakuwa anamkumbuka rafiki, au anaipenda Spitfire tu, ni jambo ambalo wakosoaji wa kiingilio hawakuligusa kabisa.