Nani Ahesabiwe?

Kijana wa Kilosa au wa Mikumi, pale kwenye barabara kuu iendayo Zambia, akikamatwa na msokoto wa bhangi au kete ya heroini hupelekwa mahakamani kama mshtakiwa mwingine yeyote. Methadoni ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, lakini hiyo ni kazi ya hospitali, wala haitibu bhangi.

Marekani walianzisha mahakama ya tiba mjini Miami mwaka 1989. Mraibu hutibiwa, mkojo wake hupimwa, naye hufika mbele ya hakimu mara kwa mara badala ya kufungwa. Je, zafaa? Uchambuzi wa tathmini 154, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kuwa watu wazima waliorudia uhalifu walipungua kutoka takriban asilimia 50 hadi 38. Kwa watoto, nafuu ilikuwa ndogo zaidi.

Sisi walimu twaijua hila moja. Shule ikiwaondoa wanafunzi dhaifu kabla ya mtihani, waliobaki hufaulu wote (na mkaguzi hupongeza!). Mahakama inayowahesabu waliohitimu tu hufanya vivyo hivyo. Aliyeshindwa wiki ya tatu akapelekwa gerezani, pengine kwa kifungo kirefu kuliko cha asiyejiunga kabisa, naye ni matokeo yake. Tumekwisha kukubali kwamba uraibu ni maradhi. Ni hospitali gani humfunga mgonjwa kwa kuwa dawa haikumshika?

Siku tukiletewa mahakama hizo Kilosa, mimi nitaomba daftari la walioingia, kisha niulize walioshindwa wamefungwa miaka mingapi.