Cheti Kinashuhudia Nini?



Kila ifikapo Novemba vijana wetu wa Kidato cha Nne huingia katika vyumba vya mtihani, na matokeo yakitoka mwanzoni mwa mwaka jina la kila kijana hufuatwa na tarakimu. "Mtoto wa fulani kapata ngapi?" Swali hilo utalisikia sokoni Tunduma, utalisikia penye foleni ya malori yaendayo Zambia, na hata nje ya kanisa baada ya ibada, kabla watu hawajasalimiana vizuri. Aliyepata Daraja la Kwanza hupewa mkono na watu wasiomfahamu. Aliyepata sifuri hupita njia za nyuma kwa wiki mbili tatu, kana kwamba ameiba kuku.

Mimi nimefundisha tangu nilipotoka chuo cha ualimu mpaka nilipostaafu, na swali linalonisumbua silo hilo la ngapi. Langu ni hili: kijana apaswa kutimiza nini ndipo apewe cheti, na cheti hicho kikishatolewa, chatuambia nini juu yake?

Tuanze na kanuni, maana wazazi wengi hulipa na kuhangaika bila kuzijua. Kwanza kijana avuke upimaji wa Kidato cha Pili. Kisha, katika mtihani wa Kidato cha Nne, Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, huyatazama masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4, na F pointi 5. Mwenye pointi 7 hadi 17 ana Daraja la Kwanza, 18 hadi 21 la Pili, 22 hadi 25 la Tatu, 26 hadi 33 la Nne. Zaidi ya hapo ni sifuri. Kwa hiyo anayetaka daraja lolote, hata lile la chini kabisa, sharti apate walau D mbili au C moja. D huanza kwenye alama 30.

Sasa chukueni kalamu na karatasi. Kijana wa kwanza kapata alama 30 katika masomo mawili, na katika matano mengine karudisha karatasi nyeupe. Jumla yake ni alama 60. Kijana wa pili kapata 29 katika kila somo kati ya yale saba. Jumla yake ni 203. Wa kwanza ana Daraja la Nne. Wa pili ana sifuri.

Sisemi haya ili kuwacheka watu wa Baraza. Mstari hauna budi kupita mahali fulani, na popote utakapopita utawatenga wawili waliokaa dawati moja. Lakini yatupasa kukumbuka kwamba mstari huo huchorwa na watu, na waliouchora waweza kuusogeza. Mtihani wa mwaka 2012 ulituonyesha jambo hili kwa uchungu. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013, watahiniwa zaidi ya 240,000, yaani karibu 60 katika kila 100, walikuwa na sifuri. Nchi nzima ilipiga kelele, tume ikaundwa, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Yalipotangazwa tena mwezi wa Mei, watu wapatao 30,000 walikuwa wameondoka katika sifuri. Kati ya Februari na Mei hakuna hata mmoja wao aliyejifunza neno moja zaidi la jiografia.

Je, basi cheti ni kitu cha bure? La hasha. Lugha yetu yenyewe yaweza kutusaidia hapa. Neno "cheti" limetoka kwa Wahindi, na maana yake ya kwanza ni kikaratasi tu, barua fupi ya kumpa mtu apeleke mahali. Lakini karatasi kubwa zaidi, ile ya chuo kikuu, tumeiita "shahada", na shahada ni ndugu wa "shahidi" na "ushahidi". Mwenye kutoa cheti anashuhudia. Na ushahidi una sheria yake, ambayo sisi tuliofundishwa amri kumi tunaijua: shahidi aseme alichokiona, asiongeze wala asipunguze.

Mtihani umeona nini? Umeona kwamba kijana huyu, siku ile, kwa saa zile, aliweza kuandika majibu kadhaa ya maswali kadhaa. Jambo hilo si dogo. Anayeweza kulitenda amekaa miaka minne akisoma kwa lugha isiyo ya mama yake, na mara nyingi kwa taa ya simu. Lakini mtihani haujamwona akimhudumia bibi yake mgonjwa. Haujamwona akirudisha chenji iliyozidi. Wala haujamwona akidanganya. Kwa hayo yote mtihani ni kipofu, na kipofu mwaminifu hujikalia kimya.

Wako watakaosema: ndiyo maana tabia ihesabiwe pia! Hoja hiyo si mpya, na ina wenyewe wakubwa. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, alilalamika kwamba mitihani tuliyorithi hupima ukumbukaji wa mambo kuliko nguvu ya kufikiri, na kwamba tabia na moyo wa kutumikia haivipimi kabisa. Mwaka 1971 Tanzania ikajitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaazimia kwamba kazi na masomo viende pamoja, na kwamba mtu asiingie chuo kikuu moja kwa moja kutoka shuleni. Afanye kazi kwanza, kisha alete maelezo ya tabia yake kutoka kazini na kutoka kwa chama. Miaka iliyofuata maendeleo ya mwanafunzi darasani, bidii yake ya kazi na mwenendo wake vikaanza kuingizwa katika kumbukumbu. Sisi tuliosoma wakati huo tulilima, tulifuga, tulifyatua matofali, na tulijua kuna jicho linaloandika.

Mimi naiheshimu nia ile mpaka leo. Nchi iliyokuwa na wasomi wachache haikutaka wasomi hao wawe miungu watu. Lakini nimekaa katika vikao vya walimu vya kujaza safu za tabia, na niliyoyaona humo yalinifundisha kuliko kitabu. Safu zilikuwa na majina mazuri: utii, ushirikiano, kutunza mali ya shule, kupenda kazi. Mtoto mpole alipewa alama za juu, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kosa lake, wala jema lake. Mtoto aliyeuliza kwa nini nyanya za shamba la shule zinaliwa nyumbani kwa mtu mmoja alipewa alama ya chini katika utii. Alama ile ilikuwa na ukweli wake, maana kweli hakutii. Lakini ilishuhudia nini?

Na hata lile sharti la Musoma la kufanya kazi kwanza halikukaa miaka mingi kabla wasichana hawajaondolewa humo, kwa sababu idadi yao ya kuingia chuo kikuu ilipungua. Mwanamke aliyetakiwa kupata neno zuri kutoka kwa mkubwa wa kazi aliwekwa mahali pa hatari, na kila mtu mzima aelewa nasema nini. Ndiyo shida ya kuiweka tabia katika sharti la cheti. Anayeipima tabia hupata madaraka juu ya maisha ya mtu, naye mwenyewe hapimwi na yeyote.

Wala tusidhani jambo hili limepita. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba shuleni alifukuzwa, asitimize masomo yake. Hakufukuzwa kwa kukosa hesabu wala Kiswahili. Alifukuzwa kwa tabia. Katika jambo lililofanywa na watu wawili, sharti lilimkamata mmoja, na mwenzake mara nyingi alibaki darasani au kazini, au kwenye usukani wa gari lake. Hapa mpakani sihitaji kueleza zaidi. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule, pamoja na waliojifungua, waweza kurudi katika mfumo rasmi. Naona hiyo ilikuwa haki iliyochelewa. Yupo pia anayepitia mlango mwingine, wa Mtihani wa Maarifa, na baadaye akafanya Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Cheti chake hakina upungufu wowote.

Katika mitaala iliyoboreshwa ya mwaka 2023 limewekwa somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Nimefurahi. Ila wazazi wasidanganyike: alama ya somo la maadili ni alama ya kuyajua maadili. Mwizi hodari huzijua sheria za wizi kuliko hakimu.

Kuna kesi moja ambayo kwangu ni ngumu kuliko zote, nami sitajifanya ni nyepesi. Aprili 2017 Rais Magufuli alipokea Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti, nayo ilionyesha watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Waliondolewa kazini. Tuseme miongoni mwao alikuwamo muuguzi aliyetumia cheti cha mtu mwingine, akafanya kazi miaka 20, akazalisha akina mama wasiohesabika bila kulalamikiwa. Wengi walisema: kama aliweza kazi, cheti kilikuwa cha nini? Nimelifikiri neno hilo mara nyingi. Ni kweli kwamba miaka 20 ya kazi safi ni ushahidi mzito kuliko saa tatu za mtihani. Lakini kila asubuhi, alipovaa sare yake, aliwaambia wagonjwa jambo lisilo kweli juu ya jina lake, na mgonjwa hakuwa na njia ya kujua kama anamwona muuguzi hodari asiye na cheti au mtu asiyejua lolote. Wote wawili walikuwa na karatasi ileile. Na mwenye cheti halisi, aliyekaa nyumbani akingoja ajira, naye ni jirani. Kwa hiyo naona ilikuwa haki kuondolewa, ijapokuwa moyo wangu unamhurumia. Mambo mawili hayo nimeshindwa kuyapatanisha, nami nayaacha yakae pamoja.

Nirudi kwetu. Wako wavulana wa Kidato cha Tatu wanaoacha dawati na kwenda mpakani kubeba mizigo na kubadilisha kwacha. Ukimwuliza mmoja wao kwa nini, atakujibu, "Mwalimu, hata nikimaliza nitapata sifuri tu." Mtoto huyo amefundishwa na sisi. Ametuona tukimpokea mwenye sifuri. Tumeichukua karatasi isemayo "siku zile hakuandika majibu ya kutosha", tukaisoma kana kwamba imesema "huyu hafai". Huo nao ni ushahidi wa uongo, na hautolewi na Baraza. Twautoa sisi, hapo sokoni na hapo nje ya kanisa.

Tena jambo hili litakuwa zito zaidi. Kwa sera mpya elimu ya lazima itakuwa miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari, na mwaka 2027 Darasa la Sita na la Saba watamaliza pamoja. Fikirini vyumba vya Kidato cha Kwanza hapa Tunduma, vilivyojaa tayari, vitakavyopokea makundi mawili mwaka 2028. Zamani mtoto alichaguliwa kwenda sekondari, na aliyeshindwa aliweza kuambiwa kwamba alipewa nafasi akaichezea. Sasa sheria itamshika mkono na kumkalisha kwa miaka 10. Nchi ikimlazimisha mtoto kukaa muda wote huo, kisha ikampa sifuri, ni nani hakutimiza wajibu wake? Mtoto yawezekana. Lakini kwa mtu aliyelazimishwa kuja, mwenyeji hana budi kujiuliza kwanza alimwandalia nini.

Sharti lingine la kumaliza shule ni ile karatasi inayotolewa na shule yenyewe, yenye maneno juu ya mwenendo. Waajiri wengi hawaisomi. Badala yake humtuma kijana kwa mchungaji, au kwa mwalimu mstaafu, alete barua. Mwezi uliopita mama mmoja alinijia: "Shikamoo, Mwalimu. Niandikie kwamba mwanangu ni mwaminifu, apate kazi ya ghala." Nikamwambia, "Marahaba, mama. Lakini mwanao mimi namwona Jumapili tu." Tulizungumza sana. Mwishoni niliandika kwamba namfahamu kwa miaka mitatu, kwamba huja kila Jumapili, na kwamba watu wakishatoka yeye hubaki kupanga mabenchi bila kuombwa. Mama aliisoma mara mbili, akauliza kama siwezi kuongeza neno. Nikamwambia hayo ndiyo niliyoyaona. Hakufurahi sana, ila aliikunja vizuri akaitia mkobani.