Nyuma ya Bweni Mchana wa Ramadhani



Ndugu zangu Waislamu, mimi hula mchana wa Ramadhani. Baadhi yenu mmeniona nikinywa maji nyuma ya bweni, na yaliyosemwa nimeyasikia.

Nina selimundu. Chembe zangu nyekundu za damu hujipinda kama mundu na kukwama kwenye mishipa, na hapo mifupa huuma mpaka nalia kama mtoto. Upungufu wa maji mwilini huamsha maumivu hayo, baridi vilevile. Kwetu Mulanda, wilaya ya Tororo, kwanza alitafutwa mchawi, kisha akalaumiwa mama. Ukweli ni kwamba nimerithi kwa wazazi wote wawili. Kila mmoja wao amebeba jeni moja tu na haumwi, na jeni hiyo moja humkinga mtoto na malaria kali, ndiyo maana imeenea kwenye nchi zenye mbu kama yetu. Kinga na mtihani vimewekwa katika damu ileile, Subhanallah! (Nanyi mnaojiandaa kuposa, pimeni damu. Wawili wakiwa na jeni hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mgonjwa. Sisemi hivyo kwa kuwa naona kuzaliwa kwangu ni hasara.)

Mwaka wangu wa kwanza nilifunga, ingawa daktari alinikataza. Niliona haya: mwanafunzi wa elimu ya dini, asifunge? Siku ya tatu wenzangu walinibeba usiku hadi hospitali, nikawekewa dripu na kuongezewa damu. Nikiwa pale kitandani nilijiuliza nilikuwa namfungia nani, Mola wangu au wenzangu wa bweni.

Darasani tulisoma habari ya Amr bin Al-As (R.A.) katika msafara wa Dhatu Salasil, mwaka wa 8 Hijria. Usiku wa baridi kali alipatwa na janaba, akahofia kuwa kuoga kutamwangamiza, akatayamamu na kuwaswalisha wenzake. Wakamshtaki kwa Mtume (S.A.W.). Amr akajitetea kwa aya inayokataza watu kujiua. Mtume akacheka, asimwambie neno. Hadithi hiyo nilikuwa nimeikariri kwa ajili ya mtihani wa chuo tu. Hospitalini nilipoikumbuka, kicheko kile ndicho kilichonitoa machozi.

Mgonjwa asiyetarajia kupona hutoa fidia, chakula cha maskini mmoja kwa kila siku asiyofunga. Hukumu hiyo wanazuoni wameitoa katika Suratul Baqara, aya ya 184. Basi Ramadhani iliyopita nilipeleka unga wa wimbi kwa bibi mmoja mjane, jirani yetu Mulanda. Alipokea, akaomba dua ndefu, kisha akanitazama.

“Mjukuu wangu, nawe umefunga?”

“Hapana, bibi. Mimi ni mgonjwa.”

Akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji, akanisogezea kiti kivulini.