Usitoe Mji Mapema



Kitendawili! Tega. Nyumba yangu haina mlango.

Mtoto anawaza kuta. Anawaza paa. Anashindwa. Anaambiwa: toa mji. Anatoa Musoma, anakataliwa. Anatoa Bunda, ndipo anapewa jibu: yai.

Kitendawili hakikumdanganya. Kilisema kweli, ila kwa kuzunguka. Yeye alilishika neno nyumba, akasahau kuuliza: ni nini kingine hutunza uhai ndani, na hakina pa kuingilia?

Fumbo la namna hiyo limo hata katika tamthilia. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, aliitafsiri tamthilia ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi, ikachapishwa mwaka 1969. Humo wanaomposa binti wanategewa fumbo la masanduku: la dhahabu, la fedha, la madini ya risasi. Wanaofuata mng'aro wanakosa. Asiyedanganywa na mng'aro anampata, katika risasi.

Msikilizaji, leo kazini utategewa kitendawili. Mteja atanung'unika. Hesabu itagoma. Mwanafunzi atanyamaza. Usitoe mji mapema. Sikiliza tena. Pima tena. Manung'uniko yana maana, na ukimya una maana. Itafute maana kwanza, kisha ujibu.