MAJI NI AMANA



Kisima kikiingia chumvi, husikika mtu akisema: "Hii ni kadari ya Mungu, sisi tufanyeje?" Neno hili nusu yake ni kweli, na nusu yake ni udhuru wa mvivu.

Ni kweli kwamba mvua ni ya Mwenyezi Mungu. Katika Suratul-Muuminun, aya ya 18, ametufunza kuwa huyateremsha maji kwa kipimo, akayatuliza ardhini, naye ni muweza wa kuyaondoa. Basi natutazame alivyowatulizia maji watu wa Lamu, kisiwa kisicho na mto. Mvua hunyea vilima vya mchanga vya Shela, ikapenya polepole, ikakaa chini juu ya maji ya bahari, kwani maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Wajuzi wa elimu hii wasema kuwa kila futi moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, chini yake huwa na kiasi cha futi 40. Basi tukivuta kupita kiasi, futi moja ikishuka juu, chumvi huweza kupanda futi 40 kutoka chini.

Mizani hiyo leo yatikisika. Moshi wa makaa na mafuta yachomwayo ulimwenguni umeizidishia dunia joto. Hewa ikizidi joto digrii moja huweza kubeba mvuke zaidi kwa kiasi cha asilimia 7. Huikausha ardhi upesi, kisha huuangusha mvuke ule kwa kishindo. Tumeyaona yote mawili: tangu mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ilipungua mfululizo katika sehemu nyingi za Kenya na Somalia, kisha mwisho wa 2023 yakaja mafuriko. Na bahari nayo yapanda.

Ndugu zangu, sehemu kubwa ya makaa hayo hatukuyachoma sisi. Lakini mchanga ni wetu, na mifereji ya misikiti ni yetu. Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo kwa kipimo cha madhehebu ya Shafii haifiki lita moja. Sisi twaufungua mfereji ukamwagika tangu kuosha uso hata kuosha miguu, kisha twainua mikono kuomba mvua! Je, hatuoni haya?

Na yule ajengaye juu ya vilima vile, akachimba na vyoo, asiseme, "Kiwanja ni changu." Maji yaliyo chini hayajui mpaka wa kiwanja. Aharibuye mchanga huo amewadhulumu majirani na watoto ambao hawajazaliwa.

Mtu aliyetaka kumwacha ngamia wake huru kwa kumtegemea Mungu aliamrishwa na Mtume amfunge kwanza, kisha ategemee. Nasi tutubu, tuswali swala ya kuomba mvua. Lakini tufunge na mifereji, tujenge mabirika ya kukingia maji ya mapaa, na vilima vya mchanga tuviache vinywe mvua. Hiyo ndiyo tawakali.

Mwenyezi Mungu atunyeshee mvua ya manufaa, isiyo ya madhara, na atujaalie kuihifadhi amana yake. Amin.